Hadithi ya Picha Kumi: Mwongozo Kamili kwa Mpigapicha wa Habari Anayeanza

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Picha zangu kila mtu anazisifu, mbona wahariri hawanijibu?" Nikiletewa folda, nakuta picha mia mbili. Machweo, wazee wenye mikunjo usoni, watoto wanaochekea kamera, mtumbwi ufukweni. Moja moja ni nzuri. Ukizipanga pamoja hazielezi chochote.

Mhariri wa picha hatafuti mtu mwenye picha nzuri, hao wamejaa. Anatafuta mtu ambaye akitumwa mahali atarudi na habari nzima, yenye majina, tarehe na mpangilio. Kwa hiyo hapa tunashughulikia kazi moja tu: kutengeneza hadithi yako ya kwanza ya picha kumi, kuanzia wazo hadi malipo. Mfano wangu ni wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Wewe chagua cha kwenu, tena kiwe karibu, kwa sababu utarudi mara nyingi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kamera moja unayoweza kuitumia gizani bila kupapasa vitufe. Ya mtumba inafaa. Lenzi iwe ya milimita 35 au 50. Lenzi ndefu iache nyumbani: inakuzoesha kusimama mbali na watu, na picha inaonyesha kabisa kwamba ulisimama mbali.
- Kama huna kamera, simu inatosha kwa kuanzia. Zima kichujio cha kulainisha uso na ile hali inayofifisha mandhari ya nyuma kwa programu. Kwa mhariri wa habari, vyote viwili ni uchakachuaji.
- Kadi mbili za kumbukumbu, betri mbili na diski ya nje.
- Daftari dogo na penseli. Wino ukilowa maji ya chumvi, majina yote yamekwenda.
- Mfuko usiopitisha maji, na kitambaa kikavu.
- Kitambulisho, na barua fupi inayosema wewe ni nani na unafanya nini.
- Nauli ya kurudi tena na tena. Hii ndiyo wengi huisahau. Wananunua lenzi kwa fedha zote, kisha wanaenda kijijini siku moja tu.

## Hatua ya 1: Geuza mada iwe swali

"Wakulima wa mwani Zanzibar" ni mada. Mada haina mwisho, kwa hiyo utapiga kila kinachopita mbele yako. Swali linakuambia nini kiingie na nini kibaki nje.

Ukikaa na wakulima, swali linajitokeza lenyewe. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wanaokifanya wengi ni wanawake. Kuna aina mbili: spinosum, unaovumilia lakini bei yake ni ndogo, na cottonii, wenye bei nzuri lakini dhaifu. Bahari inapopata joto, cottonii hushindwa kwenye maji ya kina kifupi. Huugua na kukatika. Unataka maji ya kina, na maji ya kina yanataka chombo na kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa.

Sasa swali tunalo: mwani wenye bei ukihamia maji ya kina, mwanamke asiyejua kuogelea anaufuataje? Swali hili lina mtu, lina kizuizi, na jibu lake linaonekana kwa macho. Hicho cha mwisho ndicho kipimo. Kama jibu linahitaji jedwali la takwimu, mwachie mwandishi wa makala.

Onyo: usianze na mada ya "umaskini" wala "mateso". Ukienda kutafuta huzuni utaipata, na utakuwa umewapunja watu kila kitu kingine walicho nacho.

Umefaulu kama: unaweza kuandika swali kwa sentensi moja, na mtu wa kijiji hichohicho akalisoma akasema, "Ndiyo, hilo lipo."

## Hatua ya 2: Omba ruhusa, na usiruke ngazi

Ruhusa ziko tatu, na moja haifuti nyingine.

Ya kwanza ni ya sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwanahabari awe na ithibati. Kenya, kadi hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari. Zanzibar ina taratibu zake, kwa hiyo uliza kabla hujapanda boti. Droni ni habari nyingine kabisa: inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na bila kibali inaweza kukamatwa na wewe pamoja nayo. Kambi za jeshi, bandari na viwanja vya ndege usivipige bila idhini ya maandishi, hata kama vimetokea tu nyuma ya picha.

Ya pili ni ya mahali. Unguja unaanza kwa sheha. Bara kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji. Piga hodi, toa barua, eleza. Sababu si heshima peke yake. Siku mtu atakapouliza "huyu na kamera yake ametumwa na nani?", na siku hiyo itafika, kuna mwenyeji wa kukujibia.

Ya tatu ni ya mwenyewe anayepigwa, na hii ndiyo nzito. Salimia kwanza: shikamoo kwa aliyekuzidi umri, salamu ya dini mahali pake. Kaa chini. Eleza picha zitaonekana wapi, na useme wazi kwamba mtandaoni zitafika mpaka kwa majirani. Wengi wanakubali wakidhani ni za gazeti la mbali. Wapo watakaosema piga mikono, uso usipige. Hilo ni jibu kamili, usilizunguke. Mtoto anahitaji idhini ya mzazi, na yeye mwenyewe akigoma, imeishia hapo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Uso wa mtu ukiambatana na jina lake ni taarifa binafsi.

Onyo: usilipe mtu ili akubali kupigwa. Ukilipa, kesho atafanya mbele ya kamera kile anachodhani umekinunua. Kumnunulia chai, au kumbebea mzigo hadi nyumbani, ni ubinadamu wa kawaida. Na wewe usipokee bahasha kutoka kwa kampuni au shirika lenye maslahi katika habari hiyo. Kama shirika limekulipia nauli, mwambie mhariri mapema, kabla hajaambiwa na mwingine.

## Hatua ya 3: Nenda mara ya kwanza bila kupiga

Kamera iwepo begani ili waizoee, lakini kazi ya siku hiyo ni kusikiliza. Nani anaamka saa ngapi? Nani ana ufunguo wa ghala? Mnunuzi anakuja siku gani? Nani hawaelewani? Andika.

Lengo lako ni kumpata mhusika mkuu mmoja. Wanaoanza huwapiga wakulima kumi na tano, kila mmoja picha moja, na msomaji hamjui hata mmoja wao. Mtu mmoja ukimfuata kutoka jikoni hadi baharini hadi kwenye mizani, wengine wataingia wenyewe kama majirani na washindani wake.

Mhusika mzuri si yule mwongeaji. Ni yule ambaye jambo lenyewe linamtokea sasa, katika wiki hizi. Kwenye mfano wetu ni mama anayeamua kama ajiunge na kikundi kinachojifunza kuogelea, siyo mwenyekiti wa kikundi aliyekwisha kuhojiwa na kila mgeni.

## Hatua ya 4: Panga safari kwa ratiba yao

Kalenda ya ukutani haitakusaidia. Mwani hufanyiwa kazi wakati wa bamvua, siku za karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali na kuacha mashamba wazi. Ukifika maji mafu utakuta bahari imefunika vigingi na wanawake wako nyumbani. Na kutoka kupanda mbegu hadi kuvuna ni kama wiki sita, kwa hiyo hadithi yenye mwanzo na mwisho inahitaji angalau bamvua ya kupanda na bamvua ya kuvuna.

Kila kazi ina saa yake. Wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Wauza samaki Feri, Dar es Salaam, wana shughuli alfajiri. Ukifika saa nne asubuhi umekuta mabaki. Ulizia saa hiyo ndipo ukate tiketi.

## Hatua ya 5: Piga, ukijua unatafuta picha gani

Mipangilio ya kamera nitaipita haraka, kwa kuwa si hapo watu wanapokwama. Mtu anayetembea, shata 1/250 au zaidi. Maji yanayorushwa, 1/1000. Ndani ya nyumba fungua lenzi hadi f/2 na upandishe ISO mpaka 3200 bila woga. Chembechembe zinasameheka, picha iliyotikisika haisameheki. Flashi iache. Weka kamera ihifadhi faili ghafi (RAW) na JPEG kwa pamoja: mashindano kama World Press Photo huomba faili asilia ili kuthibitisha, na tangu mwaka 2015 shirika la habari la Reuters limewataka wapigapicha wa kujitegemea wasitume picha zilizozalishwa kutoka faili ghafi, bali JPEG ya kamera yenyewe. Baharini usibadilishe lenzi, na kila jioni ifute kamera kwa kitambaa chenye unyevu mdogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Chumvi huanza kula vitufe polepole.

Kubwa ni aina za picha. Hadithi nyingi zinaanguka kwa sababu zote kumi zimepigwa kwa umbali mmoja, mita tatu, usawa wa jicho. Rudi na hizi:

Picha pana ya mahali. Mashamba yote, safu za vigingi, watu wadogo katikati. Tafuta pa kupanda: paa, ukuta, mnazi kama unaweza. Mwanga wa asubuhi ukitoka pembeni, kamba zinaonekana. Saa sita mchana bahari yote ni bati jeupe.

Mtu na kazi yake. Anafunga mbegu kwenye kamba. Usimwambie "rudia, sikuona vizuri". Kazi ya mwani inajirudia yenyewe mara mia kwa siku, subiri. Ukishamwelekeza mtu, picha hiyo si habari tena, ni igizo. Picha ya kukaa na kutazama kamera inaruhusiwa, mradi iwe wazi kwamba amekaa ili apigwe.

Vitu vidogo. Vidole vilivyochubuka kwa kamba na chumvi. Daftari la madeni. Viatu vya raba vya kujikinga na miiba ya urchini wa baharini. Hizi zinampa mhariri nafasi ya kupumua kati ya nyuso.

Watu wawili na kinachopita kati yao. Hapa ndipo hadithi ilipo, na hapa ndipo folda nyingi huwa tupu. Mama na binti asiyeutaka mwani. Mkulima na mnunuzi, macho yote mawili kwenye mizani. Ili kuipata picha hii lazima uwe umekaa mpaka wamekusahau. Ukigundua watu wameacha kukuangalia na wameanza kuteta mbele yako, hapo ndipo kazi imeanza.

Kizuizi. Mwani uliokufa, kamba tupu, mwanamke amesimama maji ya kifuani akigeuka kurudi. Swali lako likikosa picha hii, huna hadithi.

Nyumbani. Anapopika, anaposali, anapocheka na watoto. Ukikosa hizi umempiga kama mashine ya kuvuna.

Kisha inabaki picha ambayo huwezi kuipanga. Nayo huja ukiwa umechoka unataka kuondoka, kwa hiyo ongeza nusu saa baada ya kudhani umemaliza.

Onyo la baharini: maji yakianza kujaa hurudi kwa kasi na kupitia mikondo ya pembeni kwanza. Wanawake wakianza kuondoka, ondoka nao.

Umefaulu kama: ukifumba macho unaweza kutaja picha moja kwa kila aina, na angalau mbili hukuzitarajia ulipotoka nyumbani.

## Hatua ya 6: Usiku huohuo, nakala na majina

Hamisha picha kabla hujala. Nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na moja mahali pengine, mtandaoni au kwa ndugu. Kadi usiifute hadi nakala zote ziwepo na umezifungua ukaziona. Kompyuta na diski zikiwa ndani ya begi moja, mwizi mmoja anatosha kuyamaliza yote.

Halafu fungua daftari na uunganishe majina na picha. Njia rahisi: kila umpigapo mtu mpya, piga pia ukurasa wa daftari wenye jina lake aliloliandika mwenyewe au alilolihakiki. Khadija na Hadija ni watu wawili tofauti mbele ya mhariri, na mbele ya mwenye jina.

## Hatua ya 7: Chagua kwa ukatili

Hatua hii inawashinda wengi kuliko zote, hasa kwa kuwa picha iliyokupa tabu unaiona nzuri. Ulitembea matopeni kilomita mbili kuipata. Msomaji hajui, wala hatajali.

Subiri siku chache. Kisha pita mara ya kwanza haraka ukitoa zisizo kali, zilizojirudia na zilizokatwa vibaya. Pita ya pili ubakize kama sitini. Hizo sitini zichapishe ndogondogo, hata kwa stationari ya mtaani kwenye karatasi ya kawaida, uzitandaze mkekani. Skrini inakuonyesha picha mojamoja, na wewe unahitaji kuona zinavyokaa pamoja.

Sasa tumia kanuni moja: picha mbili zikisema jambo lilelile, moja inatoka, hata kama zote ni nzuri. Ukifika kumi na tano, mwite mtu asiyejua lolote kuhusu mwani. Usimweleze. Mwambie azipange na akusimulie anachokiona. Mahali anapokwama, kuna picha inayokosekana au iliyozidi.

Mpangilio haulazimiki kufuata tarehe. Anza na picha inayomsimamisha msomaji na kumwonyesha mahali. Mhusika aingie mapema, ya pili au ya tatu. Kizuizi kikae katikati. Na ya mwisho iache jambo pale lilipo kweli. Kama mama hajaamua kuingia maji ya kina, usifunge kwa machweo kana kwamba ameamua.

Umefaulu kama: ukiondoa picha yoyote kati ya kumi, hadithi inapungukiwa na kitu unachoweza kukitaja.

## Hatua ya 8: Safisha rangi, usiguse ukweli

Unaruhusiwa kurekebisha mwanga, rangi na kukata pembeni kwa kiasi. Huruhusiwi kuongeza, kufuta wala kuhamisha kitu. Si waya wa umeme, si kopo la soda, si mtu aliyechungulia pembeni. Akili mnemba ya kujaza au kufuta sehemu usiikaribie. Na usiifanye anga ya saa nne iwe ya dhoruba.

## Hatua ya 9: Andika maelezo ya picha

Mwaka 2015 World Press Photo ilimnyang'anya mpigapicha Giovanni Troilo tuzo ya hadithi yake kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, ilipobainika kwamba picha moja ilipigwa Molenbeek, Brussels. Picha haikuwa imechakachuliwa. Kosa lilikuwa jina la mahali.

Maelezo ni sentensi mbili. Ya kwanza: nani, anafanya nini, wapi, lini. Ya pili: kwa nini tunamwangalia. Mfano:

"Bi. Fulani, 47, akifunga mbegu za mwani kwenye kamba wakati maji yamekupwa, Paje, Unguja, Machi 15, 2025. Amekuwa akilima spinosum tangu cottonii alioupanda karibu na ufuo uliposhindwa kuota."

Hakuna "mama jasiri", hakuna "akitafakari mustakabali wake". Hujui anatafakari nini. Pengine anawaza chumvi imeisha nyumbani. Unachokiandika kiwe ulikiona, au aliyepigwa alikwambia, au umekithibitisha kwingine.

Maelezo hayo, jina lako na namba ya simu viingize ndani ya faili, kwenye sehemu ya taarifa za IPTC. Programu nyingi za kupanga picha zinayo, hata darktable ya bure. Picha huachana na barua pepe mapema sana.

## Hatua ya 10: Tuma kwa mtu, si kwa ofisi

Tafuta jina la mhariri wa picha, na utazame gazeti au tovuti yake kwa mwezi mmoja. Kama walitoa habari ya mwani juzi, nenda kwingine.

Barua iwe ya aya tatu fupi: swali lako na kwa nini sasa; nani umemfuata na kwa muda gani; unacho nini tayari na nini bado. Ambatisha picha kumi za JPEG, upande mrefu kama pikseli 2000, zikiwa na namba kwa mpangilio wake, au kiungo cha kuzipakua. WhatsApp usiitumie kutuma picha kwa njia ya kawaida: inazibana na kufuta taarifa ulizoziingiza.

Usipojibiwa ndani ya wiki mbili, andika mara moja tena, sentensi mbili. Kisha peleka kwa mwingine. Ukimya wao mara nyingi ni wingi wa barua tu. Katikati ya kusubiri, harusi na kazi za mashirika zitalipa kodi ya nyumba. Wapigapicha wa habari wengi wa huku wanaishi hivyo, na hakuna aibu ndani yake mradi usizichanganye kwenye folda moja.

Mashindano nayo yanafaa, lakini soma masharti hadi mwisho. World Press Photo haitozi ada ya kuingia, na kundi lake la hadithi linapokea picha 4 hadi 10, ndiyo maana namba ya kumi ni nzuri kuanzia. Shindano linalodai haki zote za picha zako kwa sababu tu umeshiriki, liache.

## Hatua ya 11: Malipo na haki

Kabla hujasema ndiyo, uliza kwa maandishi: zitatumika wapi, kwa muda gani, ni wao peke yao au naweza kuuza kwingine, jina langu litaandikwa, na fedha zinalipwa lini baada ya kuchapishwa. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda kama mtunzi, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndiyo ya kuiendea; Kenya ni bodi ya hakimiliki, KECOBO. Unachokiuza kwa kawaida ni ruhusa ya kutumia. Mkataba unaosema "haki zote" uwe na bei inayofanana na maneno hayo.

Wakitaka picha moja tu kati ya kumi, usikatae kwa hasira, ila omba kuona kichwa cha habari na maelezo yatakayokaa chini yake kabla haijatoka. Mama wa Paje alikubali kupigwa kwa ajili ya habari uliyomweleza, na picha yake haiwezi kwenda kupamba habari nyingine bila yeye kuulizwa upya. Ikishatoka, chapisha nakala kadhaa za inchi 4 kwa 6, umpelekee yeye na sheha, na ukiwa huko muulize mnunuzi wa mwani anarudi lini.